Uzi maalumu: Hardtop inayotupa watu kwenye rasta. Pima mzigo kwanza, springi baadaye

Dereva wa Uvinza (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Kila nikipita jukwaa hili nakuta picha za Land Cruiser "mkonga" iliyonyanyuliwa, matairi makubwa, springi mpya zinang'aa, na chini yake mtu ameandika kwamba sasa gari "imetulia". Ukimuuliza abiria wa siti ya nyuma atakupa jibu lingine. Naomba leo tuongelee jambo hilo moja: gari ya kazi itembee laini kwenye barabara mbovu, mtu ashuke akiwa mzima.

Mimi naendesha Land Cruiser 78, hardtop ndefu, injini ya 1HZ. Nabeba wahudumu wa afya na mara nyingine wagonjwa, kutoka ukanda wa ziwa huko Kalya, Buhingu na Igalula kuja Uvinza, wengine hadi hospitali ya Maweni mjini. Wanaoijua njia hiyo wanajua: changarawe yenye rasta (vile vituta vidogo vinavyofuatana na kutetemesha gari), mawe kwenye miteremko, halafu makorongo yaliyokauka baada ya masika. Kwenye hardtop yenye mabenchi ya pembeni, abiria wa mwisho kabisa anakaa nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu ya nyuma), na hapo ndipo gari inarusha kuliko sehemu yoyote. Mama mjamzito akilazwa pale anahisi kila jiwe. Ndiyo sababu suala hili naliona zito.

Kwa jinsi ninavyoona, tatizo kubwa la gari hizi ni kwamba zimefungwa springi za mzigo ambao hazibebi. Toyota walizitengeneza series 70 kuwa gari za kazi. Tangu 1999, 78 na 79 (ile pikapu) zina koili mbele, yaani springi za kujizungusha, lakini nyuma zimebaki na springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na bapa zile zimepangwa zibebe mzigo wa tani moja hivi. Wewe ukitembea na watu watatu, boksi la chanjo na begi, umekalia springi ambayo haijaanza kazi. Unaenda gereji unalalamika kwamba inagonga, unaambiwa uongeze bapa moja. Unalipa, unaondoka na gari ngumu kuliko uliyoingia nayo.

Nieleze kidogo kwa nini inakuwa hivyo, maana bila hili mtu ataendelea kununua vitu kwa macho.

Gari ikisimama, uzito wake unaibonyeza springi. Kadiri springi inavyobonyea chini ya uzito ule, ndivyo gari inavyopanda na kushuka taratibu ikipita kwenye shimo. Kuna hesabu fupi: chukua 5, gawanya kwa kipeuo cha pili cha sentimita ambazo springi imebonyea. Springi ngumu, gari tupu, imebonyea sm 4 tu: 5 kwa 2, unapata mitikisiko 2.5 kwa sekunde. Springi iliyobonyea sm 16 inakupa 1.25. Gari ndogo zinazosifiwa kwa ulaini zinacheza kati ya 1 na 1.5. Sasa mwili wa binadamu aliyekaa unasumbuka zaidi na mtikisiko wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Pale tumbo na uti wa mgongo vinacheza pamoja na siti. Kila unapoongeza ugumu wa springi unausogeza mtikisiko kuelekea huko.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua uzito wako wa kila siku. Huo ndio utakaopeleka dukani, na mzigo wa siku moja kwa mwaka ulipohamisha nyumba usiuhesabu. Kama unaweza kufika kwenye mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, gari ikiwa na vitu unavyotembea navyo siku zote. Ukikosa mizani, piga hesabu. Mtu mzima weka kilo 70. Dumu la mawese la lita 20 lina kilo 18 hivi, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Dizeli lita 100 ni kilo 84 hivi. Kuna bampa ya chuma, keria ya juu, tairi la akiba la pili, boksi la vifaa. Watu wengi wakipiga hesabu hii kwa uaminifu wanakuta mzigo wao wa kawaida ni kilo 250 hadi 400, na springi waliyofunga ni ya kilo 800 au zaidi.

La pili, kabla hujanunua kitu, ingia chini ya gari. Leta tochi na mtaimbo.

Anza na springi za bapa. Vumbi letu jekundu likichanganyika na maji linaingia katikati ya bapa na bapa, linatengeneza kutu. Bapa zinashikana. Springi ambayo bapa zake zimeshikana haichezi kabisa kwenye vijishimo vidogo; tairi peke yake ndilo linafanya kazi ya springi. Tazama ubavuni: ukiona kutu ya kahawia inachuruzika kutoka katikati ya bapa, na hakuna alama ya chuma kung'aa pale bapa zinaposuguana, ujue hazitembei. Zifunguliwe, zisuguliwe kwa brashi ya waya moja moja, zipakwe grisi ya grafaiti, na vipande vya kuteleza vya kwenye ncha vibadilishwe kama springi yako inavyo. Ni kazi ya siku nzima kwa fundi na msaidizi wake, na gharama kubwa ni jasho. Ulaini unaoupata hapo unazidi springi mpya nyingi.

Kisha angalia shako, vile vibanio vya nyuma vinavyoiruhusu springi irefuke inapobonyea. Gari ikiwa na mzigo wake wa kawaida, shako inatakiwa ilalie nyuma. Ikisimama wima au ikalalia mbele, springi haina pa kurefukia na kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye chesesi (fremu ya gari). Hii inatokea sana kwa waliofunga springi mpya zenye upinde mkubwa kwenye gari tupu.

Bushi, zile raba za kwenye maungio ya springi: chomeka mtaimbo, sukuma. Raba ikiwa imepasuka au pini inacheza, unasikia mlio wa chuma. Pini zenye nipo (chuchu ya kupitishia grisi) zipigwe grisi mara kwa mara, hasa ukivuka maji.

La tatu ni shokapu, na hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Springi inabeba, shokapu ndiyo inazuia gari isiendelee kupanda na kushuka. Inafanya hivyo kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ile yote inageuka kuwa joto. Kwenye rasta shokapu inacheza mara nyingi sana kwa sekunde, bila kupumzika, kilomita kwa kilomita. Mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa, yanakuwa povu, na povu halina ukinzani. Dereva anaona gari inaanza kuelea, mkia unataka kutangulia kwenye kona. Shokapu zenye gesi ya naitrojeni zinapunguza povu kwa sababu gesi inayabana mafuta. Zile za silinda moja, kama Bilstein, zinapoa haraka kwa sababu ukuta wenye mafuta ndio unaopigwa na upepo moja kwa moja. Za silinda mbili zenye mwili mnene, kama Old Man Emu au Koni Heavy Track, zina mafuta mengi na zinavumilia jiwe likigonga ganda la nje. Silinda moja ikibonyea kwa jiwe, pistoni inaweza kukwama. Kwa njia ya mawe kama yangu mimi niko upande wa silinda mbili nene. Mwenye barabara ya rasta tupu, isiyo na mawe, achukue silinda moja.

Kipimo cha shokapu ambacho hakihitaji gereji: toka kwenye kipande kirefu cha rasta, simama, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika, maana inaweza kukuunguza. Zote mbili za ekseli moja zinatakiwa ziwe na joto linalolingana. Iliyobaki baridi haifanyi kazi. Mwenzake anabeba peke yake. Kipimo kingine: funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, isogeze ikaguse mwili, endesha siku yako ya kawaida, rudi uone imesukumwa hadi wapi. Ikifika mwisho kabisa wakati hukubeba kitu, springi yako imechoka. Ikiwa imesogea vidole viwili tu kwenye njia mbovu, springi ni ngumu mno kwa mzigo wako.

Springi zenyewe zinakuja baada ya hapo. Watengenezaji wakubwa wa nje, hasa wa Australia, wanauza springi za gari moja kwa daraja za uzito: ya gari tupu, ya kilo 200 hadi 300 za kudumu, ya mzigo mzito. Chagua kwa hesabu uliyofanya. Zipo pia springi za parabola, zenye bapa chache nene katikati na nyembamba kwenye ncha, bapa hazigusani isipokuwa katikati na mwishoni. Msuguano unapungua na gari inalainika sana, ila zinahitaji shokapu nzuri zaidi kwa sababu ule msuguano wa zamani nao ulikuwa unasaidia kutuliza gari.

Urefu wa gari uje mwisho, na uje kama unauhitaji kweli.

Karibuni tujadili. Wenye uzoefu wa Tabora, Katavi na Kibondo leteni ya kwenu.

---

Mdau wa Urambo

Mkuu nimekusoma vizuri, asante kwa darasa. Mimi nina Hilux, kazi yake msimu wa tumbaku inajaa mpaka juu, ukiisha msimu natembea mwenyewe na mke wangu. Sasa huo uzito wa kila siku niuchukue upi? Nikifunga laini, msimu ukifika inakaa chini. Nikifunga ngumu, miezi yote iliyobaki tunaumia.

Dereva wa Uvinza

Ndugu yangu wa Urambo, funga springi ya mzigo mdogo, kisha weka mifuko ya hewa ya kusaidia kati ya ekseli na chesesi. Msimu ukifika unajaza upepo, ukiisha unapunguza hadi kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji. Usiiache tupu kabisa, itajikunja na kuchanika.

Tahadhari ni moja na naomba uichukue kwa uzito. Springi ya bapa inashika chesesi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unasukuma sehemu moja, juu ya ekseli. Ukijaza upepo mwingi halafu ukapakia mzigo uliotokeza nyuma ya ekseli, chesesi inapata mahali pa kukunjikia. Pikapu za milango minne zimepinda hivyo katika nchi nyingi. Kwa hiyo marobota mazito yakae mbele, karibu na kabini, na usizidishe uzito ulioruhusiwa wa gari. Mfuko unainua mkia, hauongezi uwezo wa chesesi.

---

Fundi wa Tabora

Habari za leo wakuu. Uzi mzuri, lakini napingana na mwanzisha uzi mahali pamoja. Umesema kuongeza bapa ni makosa. Sisi wateja wetu wanatoka Sikonge na Ulyankulu, wanabeba asali, mahindi, mbao. Bapa moja likiongezwa gari inapita. Kila mtu akiambiwa aagize springi za Australia, nani atazimudu? Pia hukusema kitu kuhusu bushi za plastiki ngumu, zinadumu kuliko raba.

Dereva wa Uvinza

Fundi, shikamoo kama umenizidi. Anayebeba mbao kutoka Ulyankulu, mwongezee bapa, uko sahihi kabisa. Ana mzigo wa kuibonyeza ile springi. Mimi nazungumza na yule anayebeba watu wanne na laptop. Yeye anahitaji fundi kama wewe umfanyie kinyume: uangalie lile bapa nene la chini kabisa, linaloanza kugusa mzigo unapozidi. Kwa gari ambayo haibebi tena mizigo mizito linaweza kutolewa, mradi mwenye gari aelewe kwamba uwezo wa kubeba umeshuka na asije akasahau. Yale mabapa marefu ya juu yasiguswe, hayo ndiyo yanashikilia ekseli isihame. Na senta boliti, ile inayopita katikati ya bapa, ibadilishwe pamoja na U-boliti zinazofunga springi kwenye ekseli. U-boliti ikishavutwa mara moja imenyooka, haifai kurudishwa.

Bushi za plastiki ngumu zinadumu, nakubali. Lakini hazinyonyi mtetemo kama raba. Kwa anayetaka ulaini, raba halisi. Kwa anayevuka matope ya mbuga kila siku na hana muda wa gereji, plastiki ngumu ina nafasi yake, ila aipake grisi yake maalumu la sivyo italia kama mlango.

Fundi wa Tabora

Hapo nimekuelewa mkuu, na la U-boliti niliunge mkono kwa nguvu. Niongeze moja ambalo vijana wengi wa gereji wanaliruka. Bushi za raba zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Fungeni boliti kwa mkono, shusheni gari ikae kwa uzito wake, itikiseni, ndipo mkaze. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba inajifunga katika ule mkao. Ukishusha gari inakuwa imejisokota muda wote. Gari inakaa juu kidogo, mteja anafurahi, baada ya muda mfupi raba imechanika na gari inatupa. Na U-boliti zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 500 hivi.

Dereva wa Uvinza

Fundi, hilo ulilosema lichapishwe libandikwe kwenye kila gereji. Asante sana.

---

Mdau wa Kasulu

Mwakeye wakuu. Nina Prado 120, natoka Kasulu kwenda Makere na Nyarugusu kila wiki. Nataka niinyanyue inchi 3 ili niwe juu ya makorongo na iwe laini zaidi. Kuna mtu ameniambia ataweka vipande vya chuma juu ya koili za mbele, kazi ya nusu siku. Mnasemaje?

Dereva wa Uvinza

Mwakeye neza. Mkuu, kuwa juu na kuwa laini ni mambo mawili, na kwenye Prado yanagombana.

Prado yako mbele kila tairi linajitegemea. Ukiweka kipande juu ya springi, koili ni ileile na ugumu ni uleule. Ulichofanya ni kusukuma tairi chini. Mkono wa juu, ule unaoshikilia gurudumu kwa juu, unakaribia mwisho wake wa kushuka. Sasa tairi likiingia shimoni halina pa kushukia, linaning'inia, shokapu inavutika hadi mwisho na unasikia "kah!" mbele. Huo ndio ugumu mpya ulioununulia pesa. Shafti za magurudumu ya mbele nazo zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, vumbi linaingia, bol joint za juu zinakwisha. Alaimenti inakuwa ngumu kupatikana bila kubadilisha mikono ya juu.

Ukihitaji kimo, ishia kwenye sm 4 au 5, kwa koili na shokapu zilizotengenezwa pamoja kwa urefu huo. Nyuma una koili, jambo zuri. Chagua kwa uzito wa familia na mizigo yako. Ukimaliza, alaimenti siku hiyohiyo. Na waambie wakague kifaa cha nyuma kinachopima kimo cha gari ili kugawa breki, kama ya kwako inacho. Ukinyanyua gari bila kukirekebisha kinadhani gari haina mzigo, kinapunguza breki za nyuma. Mipira ya breki nayo iangaliwe kama inatosha ekseli ikishuka kabisa.

Kwa wenye 78, 79 na 80 ambao mbele kuna ekseli nzima na koili: mkizidi sm 5 hivi, ekseli inajizungusha kidogo na kasta (mwinamo unaorudisha usukani katikati) inapungua. Usukani unakuwa mwepesi, haurudi katikati, gari inatangatanga kwenye lami ya kutoka Kidahwe. Zipo bushi za kurekebisha kasta. Fimbo ya Panhard, ile ya kukingama inayounganisha ekseli na chesesi, nayo inavuta ekseli pembeni, inatakiwa ile ya kurefushwa.

---

Mama Safari

Jamani nimesoma hadi mwisho ingawa mimi si fundi, ni muuguzi, nasafiri nyuma ya hizo hardtop. Hakuna kitu kinachoweza kufanyika leo, bila kununua chochote? Kuna siku nafika kituoni mgongo hausikii.

Dereva wa Uvinza

Dada, pole sana, na umeuliza jambo ambalo lingetakiwa liwe juu kabisa ya uzi.

Upepo wa matairi. Dereva wengi wanajaza sawa na siku ya kubeba tani, kwa sababu tairi za 7.50R16 zina ukuta mgumu na hazionyeshi zikiwa zimejaa kupita kiasi. Mwambie dereva asome kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango: kina kiwango cha gari tupu na cha gari yenye mzigo, na kwa tairi za nyuma tofauti ni kubwa. Atumie kinachofanana na safari. Akiingia kwenye rasta ndefu anaweza kupunguza kama robo ya hapo, matairi yakiwa baridi, kwa sharti la kupunguza mwendo na kujaza tena akifika lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto na kupasuka, na la mpira wa ndani upepo ukiwa chini mno linajizungusha kwenye rimu na kukata nozeli.

Mwendo wenyewe. Kuna wanaosema ukikimbia 80 rasta zinapotea. Ni kweli gari inaonekana kutulia, kwa sababu tairi linagusa vichwa vya rasta tu. Maana yake ni kwamba muda mwingi tairi liko hewani, breki na usukani vimebaki na nusu ya kazi. Kwenye kona yenye changarawe hapo ndipo tunapoteza watu. Mgonjwa akiwemo mimi natembea taratibu na nafuata ukingo wa barabara palipo laini.

Na mpangilio ndani ya gari. Mwenye mgongo mbaya au mjamzito akae siti za kati, mbele ya ekseli ya nyuma. Maboksi na madumu yapakiwe nyuma, chini, yafungwe. Mnafaidika mara mbili: watu wanakaa mahali panaporusha kidogo, na springi za nyuma zinapata uzito wa kuzibonyeza. Sponji ya siti ikishakuwa bapa kama chapati ibadilishwe kwa nzito yenye unene wa kutosha. Fundi wa makochi anaifanya palepale mtaani.

---

Mdau wa Kibondo

Mkuu, pesa yangu inakuja vipande vipande. 79, nyuma bapa, haijaguswa tangu ninunue. Nipangie foleni.

Dereva wa Uvinza

Mwezi huu: upepo sahihi, bapa zifunguliwe zisafishwe, bushi za raba mpya, U-boliti mpya, na fundi akaze kama Fundi wa Tabora alivyoeleza. Ukipata tena, shokapu nne za gesi, zote kwa mara moja. Usifunge moja mpya na moja chakavu kwenye ekseli moja. Hapo endesha gari kwa muda, funga ile kamba kwenye fimbo ya shokapu, andika inapofika ukiwa tupu na ukiwa na mzigo. Njoo na vipimo hivyo hapa pamoja na uzito wa ekseli ya nyuma, tutakuambia kama unahitaji springi mpya na za daraja gani. Inawezekana ukakuta huzihitaji.